MWACHENI MGONJWA WA MOYO AMEZE DAWA YAKE!



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu wa hapa Dzaleka na wenzetu wa Lilongwe, baba zangu, mama zangu, na nyinyi wanafunzi wa madrasa, leo naandika nikiwa na uchungu. Wapo watakaonikasirikia, na baadhi yao ni maustadh wenzangu ninaosimama nao safu moja kila Ijumaa. Wanivumilie. Jambo lenyewe halivumiliki tena.

Kuna mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, aliyekuja kambini hapa akitokea Kivu. Hajafika miaka arobaini. Utotoni aliugua koo mara kwa mara, kisha viungo vikavimba, na hakupata dawa kwa sababu vita havisubiri mtu apone. Miaka ikapita. Siku moja moyo wake ukaanza kukimbia, unapiga haraka, unaruka, unasita, unapiga tena. Pumzi ikawa fupi. Akapelekwa Lilongwe, akapimwa, akaambiwa vali ya moyo imeharibika na mapigo yamepoteza mpangilio. Akapewa kidonge cha kupunguza kasi ya moyo na kingine cha kuzuia damu isigande. Yote yakaandikwa katika kile kitabu chake cha hospitali.

Familia ikaniita nimsomee ruqya. Nikaenda, nikasoma. Usiku ule ule moyo ukatulia. Tukamshukuru Allah. Siku chache baadaye akaja mtu mwingine anayejiita tabibu, akasema: jini huyu hatoki mpaka mgonjwa aache vidonge vya hospitali. Mama akaviweka kando. Mimi nilikuwepo nilipoelezwa habari hiyo. Sikumwambia aache dawa, lakini pia sikumwambia asiache. Nilinyamaza, nikaaga, nikaenda kusomesha.

Haukupita muda mrefu. Alfajiri moja alipoamka kuswali, mkono wa kulia haukunyanyuka na ulimi ukawa mzito. Kiharusi. Leo hii binti yake, niliyemfundisha mimi alifu na bei, anakaa mbele ya mama yake na kumsomesha Suratul-Fatiha neno kwa neno, na mama anajitahidi kuifuata.

Ndiyo sababu naandika. Sitaki kunyamaza mara ya pili.

UGONJWA HUU NI NINI?

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kila pigo linaanzishwa na cheche ndogo ya umeme ambayo Allah ameiweka ndani ya moyo wenyewe. Katika ugonjwa huu, ambao madaktari wanauita fibrilesheni ya atria, vyumba vya juu havipigi sawasawa bali vinatetemeka ovyo, zaidi ya mara 300 kwa dakika. Si kila mtetemo unaopita kwenda chini, lakini inayopita ni mingi, tena bila mpangilio. Hivyo mtu aliyekaa kimya tu anaweza kuwa na mapigo 120, 140 au zaidi, wakati kawaida ya mtu mzima aliyepumzika ni kati ya 60 na 100.

Hapo kuna hatari mbili, na nawaomba mzitofautishe, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Hatari ya kwanza ni kasi. Moyo unaokimbia haupati nafasi ya kujaa damu kabla ya kuisukuma. Mtu anachoka, pumzi inakata, miguu inavimba. Na moyo ukikimbia hivyo kwa wiki na miezi, misuli yake yenyewe inadhoofika.

Hatari ya pili ni damu kuganda. Chumba kinachotetemeka hakisukumi damu yote. Damu inatuama, inafanya bonge, na bonge likichomoka linaweza kwenda kwenye ubongo. Hicho ndicho kiharusi. Hatari hii inaendelea hata siku ambayo moyo umetulia na mgonjwa hahisi chochote.

Kwa hiyo dawa ya kasi ni moja na dawa ya kuganda ni nyingine. Anayesema "moyo umetulia, dawa za nini tena?" amechanganya mambo mawili.

"NI JINI, HOSPITALI HAWAWEZI"

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Sikanushi majini, wala sikanushi ruqya. Nimesoma ruqya jana na nitasoma kesho, inshaallah. Lakini nauliza: ni nani aliyewaambia kwamba kila moyo unaoenda mbio una jini?

Na sikilizeni jambo hili, maana ndilo linalowadanganya watu. Kwa wagonjwa wengi ugonjwa huu unakuja na kuondoka wenyewe. Leo moyo unakimbia saa sita, kesho umetulia bila mtu kufanya lolote. Basi yeyote aliyekuwepo wakati unatulia ndiye anayepewa sifa. Akiwa raqi, raqi ameponya. Akiwa muuza mizizi, mizizi imeponya. Mimi mwenyewe usiku ule niliondoka kwa yule mama watu wakinishika mkono wa shukrani, na nafsi yangu ikapenda. Allah anisamehe. Moyo uliotulia usiku ule ulikuwa na vali ile ile mbovu na damu ile ile inayotuama.

Mnataka dalili ya dini? Amepokea Abu Dawud kwamba Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, Mtume (s.a.w.) akaja kumtazama, akaweka mkono kifuani kwake, akamwambia kuwa ana maradhi ya moyo, kisha akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa kuwa huyo alikuwa mtu wa utabibu. Wanachuoni wa hadithi wamejadili isnadi yake, nami siifichi khitilafu hiyo. Lakini amri ya kutafuta tiba imethibiti kwa hadithi nyingine zisizo na mjadala. Tena huyo Harith, wanahistoria wamekhitilafiana hata kama alisilimu. Kilichotazamwa kwake ni ujuzi. Nyinyi mnaowakataza watu wasiende kwa daktari kwa sababu si Muislamu, mmeipata wapi dini hiyo?

"DAWA ZA HOSPITALI NI SUMU, TUMIA MITISHAMBA"

Maneno haya nayasikia kila siku pale sokoni. Haya, tuyapime.

Digoksini, moja ya dawa kongwe za kupunguza kasi ya moyo, asili yake ni majani ya mmea. Daktari wa Uingereza, William Withering, alichapisha kitabu mwaka 1785 akieleza jinsi mmea wa jamii hiyo, digitalis, unavyowasaidia wagonjwa na jinsi unavyowadhuru kipimo kikizidi. Kwa hiyo hicho mnachokiita kemikali kilianza kuwa mtishamba. Tofauti ni kipimo. Kidonge kimepimwa, na kikombe cha mizizi iliyochemshwa hakuna anayejua ndani yake mna kiasi gani.

Kuhusu warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wanasema ni sumu ya panya. Kweli, iliuzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa Marekani kwa matumizi ya binadamu. Sasa je, chumvi kijiko kimoja kwenye mboga na chumvi kilo nzima ni sawa? Kipimo ndicho kinachotenga dawa na sumu. Ndiyo maana anayetumia warfarini anatolewa damu mara kwa mara kwa kipimo kinachoitwa INR, ili ijulikane kama damu imekuwa nyepesi mno au bado nzito. Asiyekwenda kupima ndiye anayeigeuza dawa kuwa sumu.

Na anayetumia warfarini asiongeze habba sauda, tangawizi au vitunguu saumu kwa wingi kama tiba bila kumwambia daktari, maana vinaweza kuigusa dawa hiyo. Majani mabichi kama sombe, lengalenga na mboga nyingine hakukatazwa, ila ale kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Asile sombe siku saba mfululizo kisha akaziacha mwezi mzima.

Wapo pia wenye ndugu waliohamia Marekani, Kanada au Australia, ambao wanatumiwa vidonge vipya visivyohitaji kupima damu, na wanaacha warfarini kwa fahari. Tahadharini! Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wote wenye ugonjwa huu pamoja na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroxaban, moja ya vidonge hivyo vipya. Kwa mgonjwa mwingine kipya kinaweza kuwa bora. Kwa mwenye vali mbovu sivyo. Daktari ndiye wa kuamua, si shemeji aliyeko ng'ambo.

"NI QADAR, MWACHIENI ALLAH"

Subhanallah! Mtu huyo huyo mvua ikinyesha anatandika turubai juu ya paa. Hasemi ni qadar ya Allah tulowe. Mgawo wa chakula ukichelewa, anakwenda kuuliza. Lakini moyo wa mkewe ukikimbia, ghafla anakuwa mcha Mungu wa qadar. Mtume (s.a.w.) alifundisha kumfunga ngamia kwanza kisha kutawakali. Ugonjwa ni qadar na dawa nayo ni qadar.

HESABU MAPIGO, USIKISIE

Sasa wanafunzi wangu, chukueni daftari. Hesabu mnayoijua inatosha kumsaidia mama yenu.

1. Mgonjwa akae, apumzike dakika tano, asiwe ametoka kuteka maji bombani au kupanda mlima.

2. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba, lina mpigo wake.

3. Hesabu dakika nzima, sekunde 60 kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne, kwa sababu mapigo haya hayana mpangilio na robo moja haifanani na nyingine.

4. Andika namba, tarehe na saa kwenye daftari. Peleka daftari hilo kliniki pamoja na kitabu cha hospitali. Jueni pia kwamba pigo dhaifu linaweza lisifike mkononi, kwa hiyo mhudumu wa afya akisikiliza kifuani anaweza kupata namba kubwa kuliko yako. Hakuna aliyekosea.

Namba gani inatakiwa? Uholanzi walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa wagonjwa 614. Wale ambao kasi yao ilishushwa chini ya 110 tu wakiwa wamepumzika hawakuwa na hali mbaya zaidi ya wale walioshushwa chini ya 80. Maana yake, usijiongezee vidonge kwa kuitafuta namba nzuri. Lakini mwenye vali iliyobana mara nyingi anahitaji kasi ndogo zaidi ili moyo upate muda wa kujaa. Basi kila mgonjwa amuulize daktari: "Namba yangu mimi ni ipi?" Aiandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Tena yashikeni haya. Propranololi na atenololi haziachwi ghafla, moyo unaweza kurudi mbio kwa kishindo. Mwenye pumu aseme kabla ya kupewa, maana dawa hizi zinaweza kumbana kifua. Dozi ukiisahau, usimeze mbili kwa pamoja. Anayetumia digoksini akianza kutapika, kukosa hamu ya kula, kuona vitu vya manjano, au mapigo yakawa machache mno, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na usimwazime jirani kidonge chako. Ukarimu huo unaua.

Moyo ukizidi kukimbia, tafuta sababu pia: homa, kuharisha na kukosa maji, upungufu wa damu, tezi ya shingo. Miraa, sigara na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu vinazidisha mbio.

Na mkiona mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki. Au maumivu makali ya kifua, kuzimia, au pumzi inakata hata mtu akiwa amekaa, msimwite raqi kwanza, wala mimi msiniite. Tafuteni usafiri. Ruqya isomwe njiani.

RAMADHANI INAPOINGIA

Kila mwaka wapo wagonjwa wanaoacha dawa mwezi mzima kimyakimya kwa kuona haya kuonekana wanakula. Allah (s.w.) katika Suratul-Baqara amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona ana fidia ya kumlisha maskini. Nani wewe wa kuikataa sadaka ya Mola wako? Nenda kwa daktari mwezi wa Shaabani, muulize kama unaweza kufunga. Wengine dozi zao zinaweza kupangwa wakati wa futari na daku. Wengine hawawezi kufunga, na kula kwao ni utiifu. Majirani nao waache kuchungulia masufuria ya watu mchana.

SISI TUNADAIWA NINI?

Sitaki kumlaumu mgonjwa peke yake. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Banda. Ilitayarishwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo tumezidi 50,000. Lilongwe ni kilomita zaidi ya 40. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2023 kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, wengi wamepoteza maduka yao, na nauli ya basi dogo kwenda kupima damu imekuwa mtihani. Anayeahirisha kliniki mara nyingi hana nauli, na ndipo muuza mizizi anayekuja mpaka mlangoni anapopata soko.

Basi tumnyang'anye soko. Nataka mambo matatu yafanyike.

La kwanza, kila msikiti hapa Dzaleka uwe na sanduku la nauli ya wagonjwa. Na ndugu zetu wa Lilongwe, mgonjwa akifika mjini asilale nje ya hospitali wakati nyumba za Waislamu zipo.

La pili, maustadh wote tunaosoma ruqya tuanze kwa swali moja: "Dawa za hospitali umemeza?" Asiyemeza, ameze kwanza. Na raqi au tabibu yeyote atakayemwamuru mgonjwa aache dawa atangazwe msikitini asiitwe tena majumbani mwetu.

La tatu, mtoto akilalamika koo na ana homa, apelekwe kituo cha afya. Koo hilo hilo linaweza kuzaa homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ndiyo inayokula vali za moyo. Dawa ya koo ni ya siku chache. Vali ikishaharibika, dawa ni ya maisha.

Namalizia kwa kisa kilichopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Jabir (r.a.). Mtu mmoja safarini alipigwa jiwe kichwani, akajeruhika, kisha akapata janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema kuwa wao ndio waliomuua, na akabainisha kuwa ponyo la asiyejua ni kuuliza.

Watu wale hawakumchukia ndugu yao. Walidhani wanailinda dini. Wala hawakushika upanga, walitoa neno tu bila elimu. Yule aliyemwambia mama wa Kivu aache vidonge alitoa neno. Mimi niliyejua na nikakaa kimya, nafsi yangu nimeiweka pamoja naye, na kila alasiri ninapomwona yule binti akifunga juzuu yake ili awahi kumsomesha mama yake, najua deni langu bado halijalipwa.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utupe ujasiri wa kusema tunalolijua na unyenyekevu wa kuuliza tusilolijua. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.